Ile picha ya chakula cha vita, ugali haumo

Wiki iliyopita, kwenye semina ya wahudumu wa afya, kaka mmoja akanionesha tena ile picha kwenye simu yake. Mnaijua. Kipande cha siagi, kipande cha jibini, yai moja, sukari kidogo, bekoni, majani ya chai, na maneno yanayodai kwamba huo ndio mlo mzima wa Mwingereza kwa wiki wakati wa Vita Kuu ya Pili. "Dada, watoto wao walikua kwa hiki tu. Sisi tunalalamika nini?"

Nimechoka. Kila ninapoisikia hoja hiyo inaelekezwa kwa mama mwenye mtoto wa uzito pungufu, ili aambiwe kwamba hajitahidi. Kwa hiyo leo naandika.

Vitu vilivyopigwa picha ni vya kweli. Mgao wa chakula, yaani serikali kumpangia kila mtu kiasi cha kununua kwa kuponi, ulianza Uingereza Januari 1940 kwa bekoni, siagi na sukari. Nyama ikafuata Machi, chai Julai, jibini 1941, pipi 1942. Vipimo vilipanda na kushuka, lakini siagi gramu 57 kwa wiki ilikuwa kawaida. Nimewahi kuipima kwenye mizani yangu jikoni: inatoka vijiko vinne vikubwa, kwa siku saba.

Tatizo ni kile ambacho hakikupigwa picha. Mkate haukuwekwa kwenye mgao wa kuponi mwaka hata mmoja wa vita. Viazi ulaya navyo vilinunuliwa bila kuponi. Kabichi na karoti pia, na watu walihimizwa kulima hadi kwenye bustani za maua. Mgao ulibana hasa vitu vilivyotegemea meli kutoka ng'ambo, na meli hizo zilikuwa zikizamishwa na nyambizi za Ujerumani. Kwa hiyo picha inakuonesha kitoweo na viungo. Ugali haumo! Mtu akipiga picha dagaa na kijiko cha mafuta vya nyumbani kwako, akasema hicho ndicho ulichokula wiki nzima, utakubali?

Na huo mkate una habari yake. Kuanzia Aprili 1942 mkate mweupe ulipigwa marufuku, unga ukawa unabakiza asilimia 85 ya ngano. Ulikuwa wa kijivu, mzito, na watu waliuchukia. Aliyewahi kumshawishi mtoto wa sembe ale dona anaelewa. Kabla ya hapo, watafiti wa Cambridge, Robert McCance na Elsie Widdowson, walikuwa wamejiwekea mlo wa mkate, kabichi na viazi pamoja na vitu vingine kidogo sana, wakaishi nao kwa miezi, kisha wakaenda kupanda milima wakati wa baridi wapime nguvu zao. Nguvu walikuwa nazo. Matumbo yalijaa gesi, na kumaliza viazi vyote hivyo kulichukua muda mrefu mezani. Kilichopungua ni kalisi, na ndiyo maana baadaye kalisi ikaongezwa kwenye unga. Mkate wenyewe ulikuja kuwekwa kwenye mgao Julai 1946, vita vikiwa vimekwisha, ukatoka 1948.

Sasa lile linaloniudhi zaidi: eti wote walipata sawasawa. Hapana. Vitabu vya mgao, vile vyenye kuponi, vilikuwa na rangi. Cha mtu mzima kilikuwa cha rangi ya kaki. Cha kijani kilikuwa cha mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto wa chini ya miaka mitano: zaidi ya nusu lita ya maziwa kila siku, mayai maradufu, na kupewa kwanza matunda yakifika dukani. Cha buluu kilikuwa cha mtoto wa miaka 5 hadi 16: matunda, nyama kamili kama mtu mzima, na maziwa zaidi kidogo ya robo lita kwa siku. Mdogo kabisa alipata nyama nusu, na baadaye majani ya chai akanyimwa. Tangu 1940 maziwa ya kitabu cha kijani yaliuzwa kwa bei ya chini, na familia maskini zilipewa bure. Kwetu neno mgao limeharibiwa na umeme. Ukisikia mgao unatafuta mshumaa. Kitabu kile kilifanya kinyume: ulijiandikisha kwenye duka moja, na serikali ilibeba jukumu la kuhakikisha fungu lako limefika pale. Siyo usawa wa kukata keki. Aliyekuwa anakua, au anayebeba anayekua, alitangulia.

Juu ya hayo kulikuwa na chakula cha mchana shuleni, nje ya kuponi kabisa. Kufikia 1945 zaidi ya watoto milioni 1.5 walikila kila siku ya masomo. Ukilinganisha na kabla ya vita, hiyo ni nchi nyingine.

Lakini nami nisijifanye kila kitu kimenyooka. Vitabu vyetu vya lishe hupenda kusema mgao uliboresha afya ya watoto. Vifo vya watoto wachanga, England na Wales, vilikuwa kama 60 kwa kila 1,000 mwaka 1941, na 46 mwaka 1945. Ni kweli. Lakini miaka hiyohiyo baba waliokosa kazi muongo uliotangulia walipata mishahara, na chanjo ya dondakoo ikasambazwa kwa watoto. Nani atatenganisha maziwa na mshahara? Mafuta ya ini la samaki yaliyotolewa bure tangu mwisho wa 1941, familia nyingi hazikwenda kuyachukua. Watoto hawakuyapenda, na kijiko kinahitaji mtu wa kukishika.

Na kuna shaka inayonisumbua kama mtu wa lishe kuliko zote. Uchunguzi wa vyakula ulioanza Uingereza 1940 ulipima kilichoingia nyumbani, siyo kilichoingia kinywani. Kitabu cha kijani kilifikisha yai mpaka mezani. Kuanzia hapo alikuwepo mama, na mama anagawa upya: lake kwa mwanawe, nyama yake kwa mumewe anayetoka zamu ya usiku kiwandani. Hilo naliona kila kliniki. Ukimwuliza mama jana alikula nini, anaanza kukutajia walichokula watoto.