Je, wajua kwa nini ioni mbili zilizofungamana (ioni ni atomi yenye chaji ya umeme) hupima muda vizuri kuliko ioni moja?

Saa iliyowekwa kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hukimbia kuliko iliyobaki mjini Moshi kwa takriban nanosekunde 47 kila siku, kwa kuwa muda huenda polepole zaidi penye mvutano mkubwa wa dunia. Saa ya ukutani haiwezi kuigundua tofauti hiyo. Hata hivyo, mwaka 2010 huko Boulder, Marekani, saa mbili za ioni ya alumini zilitambua tofauti ya namna hiyo pale moja ilipoinuliwa sentimita 33 tu, yaani kimo cha kigoda cha jikoni.

Ndani ya saa ya namna hiyo, ioni hunaswa kwa umeme katika ombwe, kisha leza huimulika kwa mwanga unaotetema zaidi ya mara trilioni 1,000 kwa sekunde. Kila inapoulizwa kama mwanga umelingana nayo, ioni hujibu ndiyo au hapana, kama shilingi iliyorushwa, na ndiyo maana huulizwa mara nyingi sana. Isitoshe, uga wa sumaku uliopo jirani huiyumbisha.

Fundi mmoja wa saa karibu na stendi ya Moshi aliwahi kuniwekea mezani saa mbili kuukuu, moja ikikimbia dakika moja kwa siku na nyingine ikichelewa dakika moja, akaniambia kwamba wastani wake ndio saa ya kweli. Wanafizikia hufanya jambo lililo bora zaidi. Huzifungamanisha ioni mbili ziwe hali moja ya kwantamu, yaani hali ya pamoja ambamo moja haiwezi kuelezwa bila nyingine, wakichagua ngazi za nishati ambazo sumaku ikipandisha moja huteremsha nyingine kwa kiasi kilekile, hata usumbufu ukajifuta wenyewe kabla ya kipimo kuchukuliwa. Hali ya aina hiyo ilitengenezwa Innsbruck, Austria, mwaka 2006, kwa ioni mbili za kalsiamu.

Mfungamano hupunguza pia ile bahati nasibu ya majibu. Mwaka 2022 huko Oxford, Uingereza, ioni mbili za strontiamu zilizokuwa mita 2 mbali zilifungamanishwa kwa chembe za mwanga, na shaka ya kuzilinganisha ikapungua kwa karibu mara 1.4; kwa maneno mengine, usahihi uleule ulihitaji takriban nusu ya vipimo. Kuongeza ioni nyingi zaidi kunavutia, lakini mfungamano huvunjika upesi kadiri kundi linavyokua, na kwa hiyo kazi ngumu ni kuchagua hali itakayodumu hadi leza imalize kuuliza.