Wagiriki Misri: Ufalme Ulianza Kubomoka Kabla ya Cleopatra

Wengi huamini kwamba Wagiriki waliwashinda Wamisri vitani. Ukweli ni kwamba Alexander Mkuu, mfalme wa Masedonia, alipoingia Misri mwaka 332 KK aliikuta mikononi mwa Waajemi, na liwali wao akaisalimisha bila kupigana. Baada ya kifo cha Alexander mwaka 323 KK, jemadari wake Ptolemy aliishika nchi, na mwaka 305 KK akajitangaza mfalme.

Dhana inayopotosha zaidi ni kwamba wenyeji walitulia tu wakitawaliwa, kwa kuwa inawafuta Wamisri katika historia ya nchi yao wenyewe. Mwaka 217 KK, Ptolemy IV, wa ukoo huo wa Ptolemy, alipokabiliwa na Antiochus III, mfalme wa Siria, aliwapa Wamisri wapatao 20,000 mikuki mirefu na mafunzo ya kupigana kwa safu za Kimasedonia, nao wakachangia ushindi katika vita vya Raphia. Polybius, mwanahistoria ambaye mwenyewe alikuwa Mgiriki, anaeleza kwamba ushindi huo uliwatia fahari, wakaanza kujitafutia kiongozi. Tangu mwaka 205 KK hivi hadi 186 KK, Thebes, mji wa kusini mwa Misri, ilikuwa na mafarao wake, Horwennefer na kisha Ankhwennefer, na ujenzi wa hekalu la Edfu ukasimama kwa sababu ya uasi huo.

Jiwe la Rosetta lenyewe, ambalo husifiwa kwa kufumbua maandishi ya kale pekee, ni amri ya makuhani ya mwaka 196 KK. Ukiisoma utakuta kodi zilizopunguzwa, wafungwa walioachiliwa, mahekalu yaliyopewa ruzuku na waasi wa mji wa Lycopolis walioadhibiwa. Kwa maoni yangu, huyo ni mfalme, Ptolemy V, anayenunua utiifu wa makuhani huku kusini kukiwaka moto.

Kwa hiyo si kweli kwamba mapenzi ya Cleopatra ndiyo yaliyouangusha ufalme. Baba yake, Ptolemy XII, alifukuzwa na watu wa Alexandria mwaka 58 KK, akarudishwa na jeshi la Roma mwaka 55 KK, akiwa amezama katika madeni kwa Warumi. Cleopatra, wa ukoo wa Kimasedonia, ndiye mtawala wa kwanza wa ukoo huo anayetajwa na Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa zamani za Warumi, kuwa alijifunza Kimisri. Alishindwa katika vita vya majini vya Actium mwaka 31 KK, na mwaka uliofuata Octavian, kiongozi wa Roma, akaitwaa Misri.

Wala utamaduni wa Kigiriki haukuondoka na Cleopatra: Kigiriki kiliendelea kuwa lugha ya ofisi chini ya Warumi, na hata baada ya Waarabu kuiteka Misri katika karne ya 7, stakabadhi za kodi bado ziliandikwa kwa lugha hiyo.