"Mwalimu, Mimi Sijui Kuchora"

Kila kundi la wanafunzi wa uzamili ninalolipeleka uwandani kutafiti maisha ya watu, iwe Iringa vijijini au Kyela, huja na utetezi huohuo: mchoro ni kazi ya wenye kipaji, kwa hiyo wao wataandika tu. Nimeuchoka. Hakuna aliyewaomba picha ya kutundika sebuleni.

Mchoro wa uwandani ni namna ya kutazama. Ingia kilabu cha ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, msimu wa mvua inapogemwa, halafu uandike "watu walikuwa wakinywa na kuzungumza". Hapo umeandika nini? Sasa shika penseli. Kila kichwa duara, kila benchi mstari, kila kikombe kinapohama mkono mshale. Muda si mrefu utajiuliza kwa nini yule kijana amesimama ilhali benchi lina nafasi, na kwa nini mishale yote inaanzia kona moja. Jirani naye atachungulia: "Aa, huyo umemkosea, hapo hakai mgeni." Hujauliza swali, umeshajibiwa. Tena mchoro mbaya ndio unaosahihishwa zaidi, kwa hiyo asiyejua kuchora ana bahati kuliko mwenzake. Daftari lililojaa maandishi halichunguliwi na mtu. Wengi hudhani umetumwa na watu wa kodi.

Na iwe penseli, si kalamu ya wino. Mvua ya Rungwe haina simile, na wino ukilowa umepoteza siku nzima.

Visingizio vyao haviishii hapo. "Simu imerekodi, nitasikiliza nyumbani." Simu hainusi moshi, wala haikuona mama aliponyamaza alimtazama nani. Sauti isiyo na tarehe, mahali na waliokuwepo ni makelele tu. Mistari michache iandikwe usiku uleule, usingizi ungoje.

"Hii ya kutafiti kwa picha na sauti ni fasheni ya siku hizi." Mwanaanthropolojia Haddon na wenzake walifika Torres Strait, kati ya Australia na Guinea Mpya, mwaka 1898 wakiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye nta na kamera ya filamu. Wanaanthropolojia Bateson na Mead, walioanza kazi Bali, Indonesia, mwaka 1936, walipiga picha takribani 25,000. Fasheni gani hiyo ya zaidi ya miaka 100?

"Harufu na ladha haziingii kwenye tasnifu." Zinaingia, ila kwa maneno ya mnywaji, si yako. Mpe nafasi akueleze ulanzi mbichi, mtamu, unavyotofautiana na uliokaa ukachachuka, na nani hunywa upi. Ukiandika "ladha nzuri", nitakurudishia sura nzima.

"Nina kibali cha COSTECH, kwa hiyo napiga picha." Kibali hicho cha Tume ya Sayansi na Teknolojia kinakuruhusu kufanya utafiti, si kumwelekezea mtu simu usoni. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu na sauti yake ni vyake. Omba ridhaa kwanza. Hata mchoro, mwoneshe aliyechorwa. Akisema futa, futa akiona.