Ukifunga geji ya presha ya oili, taa ya kiwandani ibaki

Tangu wenye magari ya kupita nje ya barabara waanze kufunga kwa wingi geji za ziada, yaani vipimo vya mshale vinavyoonyesha presha ya oili, sisi wa ukaguzi wa magari tunaletewa lalamiko lilelile: "Nimeongeza kifaa cha kulinda injini, mbona gari limekataliwa?" Lalamiko hili linastahili jibu kamili, maana anayelileta kwa kawaida ni mtu anayelijali gari lake. Geji yenyewe haikataliwi. Kinachokataliwa ni namna ilivyofungwa, na kosa tunalokutana nalo zaidi ni hili: swichi ya taa nyekundu ya oili imeng'olewa ili sensa ya geji, yaani kifaa kinachopima presha na kuipelekea geji, ipate pa kukaa.

Swichi hiyo ya kiwandani huwasha taa presha ikishafika chini kabisa, kwa kawaida kati ya bar 0.3 na 0.5 (bar na psi ni vipimo vya presha). Mafundi wengi huhesabu kwamba injini iliyopata moto inahitaji kama psi 10, yaani bar 0.7, kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, ingawa neno la mwisho liko kwenye kitabu cha gari lako. Kwa hiyo taa ikiwaka injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500, presha ilikwisha kuporomoka kitambo. Hapo ndipo geji inapofaa, nasi tunaiunga mkono kwa moyo wote. Gari likipanda mwinuko mkali au likilalia ubavu, oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, pampu ikaanza kunyonya hewa, na mshale ukaanza kuchezacheza kabla taa haijasema lolote. Dereva anayeuona anarudisha gari taratibu hadi penye usawa. Mshale usipotulia, anazima injini. Vivyo hivyo jiwe likiibonyeza sampu ikakaribia mdomo wa kunyonyea oili, mshale ndio utakaotangulia kusema.

Lakini dereva anayetafuta pa kukanyagisha tairi katikati ya mawe hatazami mshale. Taa nyekundu ataiona hata kwa pembe ya jicho. Vifaa hivi viwili vinafanya kazi mbili tofauti, na hoja ya kwamba "geji ni bora kuliko taa, basi taa ya nini" tumeijibu mara nyingi mno. Tafadhali isifike tena kwenye meza ya ukaguzi.

Njia sahihi ni kufunga kiungo cha T kwenye tundu la swichi, upande mmoja swichi ya zamani, upande wa pili sensa mpya. Hapa tunaomba umakini wa pekee kwenye thredi, yaani meno ya kukazia. Magari mengi ya Japani hutumia thredi ya BSPT, kipimo cha Uingereza, ya 1/8, yenye meno 28 kwa inchi. Geji nyingi za Marekani huja na NPT, kipimo cha Marekani, ya 1/8 yenye meno 27. Kwa macho zinafanana, na kwa mkono zinaingia mizunguko kadhaa bila tabu. Fundi akihisi imegoma anaongeza nguvu ya spana, na matokeo yake ni thredi iliyoharibika au ufa kwenye bloku, na oili inayochuruzika kidogokidogo kila injini ikipata moto. Magari mengi ya Ujerumani yana M10 kwa milimita 1, yaani upana wa milimita 10 na nafasi ya milimita 1 kati ya jino na jino, ambayo nayo inataka adapta yake. Pima kwa geji ya thredi kabla ya kununua kiungo.

Sensa ya geji ni nzito kuliko swichi. Ukiining'iniza juu ya kiungo cha shaba nyeupe kwenye injini ya dizeli inayotetemeka, kiungo huchoka kikakatika, na oili yote itamwagika kwa presha ndani ya muda mfupi. Kwa gari la kazi ngumu, tunashauri hosi fupi inayonyumbulika, iliyotengenezwa kwa ajili ya oili ya moto, halafu sensa ifungwe kwa kibano kwenye bodi, mbali na ekzosi na turbo. Sensa yenye waya mmoja hupata eathi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia mwili wake, kwa hiyo ikihamishwa itahitaji waya wake wa eathi. Ukizungusha teipu nyeupe ya mabomba kupita kiasi, eathi inaweza kukatika na mshale ukadanganya. Vipande vya teipu navyo vinaweza kuingia kwenye njia za oili. Tumia gundi ya thredi kidogo, na acha meno ya mwanzo wazi.

Sensa na geji lazima ziwe jozi. Kuna za ohmu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 10 hadi 180, na kuna za 240 hadi 33 zinazokwenda kinyume. Ukizichanganya, mshale utapanda presha inaposhuka.

Geji ya mekanika, ile inayoleta oili yenyewe hadi dashibodi, inasoma kwa uaminifu. Ila bomba lake likipasuka, oili ya nyuzi 100 inamwagikia miguu ya dereva. Bomba la shaba nyekundu lisilozungushwa kitanzi cha kupokea mtetemo hupasuka. Tukikuta bomba hilo limepita kwenye tundu la bati lisilo na mpira wa kulikinga, hatuna la kujadiliana.

Sasa utaratibu wenyewe, kwa kuwa wengi hufika bila kuujua. Mkaguzi hufungua swichi ya gari bila kuwasha injini: taa ya oili lazima iwake. Kisha injini inawashwa: taa lazima izime. Taa isiyowaka kabisa ni kasoro hata kama geji inafanya kazi vizuri. Injini ikiwa ya moto tunatazama chini kwa tochi, tunafuata kila kiungo kilichoongezwa, tunavuta waya kwa mkono, tunatafuta fyuzi karibu na chanzo cha umeme. Kwa geji, ampea 3 hadi 5 zinatosha. Tunatazama pia geji ilipofungwa: nguzo ya kioo cha mbele na maeneo ya dashibodi yenye mifuko ya hewa hayatobolewi.

Kasoro hugawanywa katika madaraja matatu: ndogo, kubwa na ya hatari. Unyevunyevu wa oili kwenye kiungo unaweza kuandikwa kuwa kasoro ndogo, nawe ukaondoka na gari lako. Uvujaji mkubwa ni kasoro kubwa: gari halipiti, unalitengeneza na kulirudisha ndani ya muda ulioandikwa kwenye fomu, na ukichelewa ukaguzi unaanza upya. Matone yanayoanguka mfululizo, hasa juu ya ekzosi, ni ya hatari, na gari huzuiwa kuingia barabarani hadi litengenezwe. Mkaguzi hawezi kupunguza daraja kwa sababu umetoka mbali.

Tunawaomba pia msitumie oili nzito ili kupandisha mshale. Mshale utapanda, lakini beringi zilizolika zitabaki vilevile, na asubuhi injini ikiwa baridi oili hiyo itachelewa kufika juu. Wala presha si kiasi: sampu inaweza kuwa imepungua lita nzima na mshale ukabaki pale pale kwenye ardhi tambarare, kwa hiyo dipstiki, kijiti cha kupimia kiasi cha oili, bado ina kazi yake kila siku ya safari.

Ukimaliza kufunga, washa injini dakika kumi, ipate moto, izime, kagua kila kiungo kwa kitambaa kikavu. Rudia baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu. Na kama swichi yako ya kiwandani ilishatolewa lakini bado unayo, irudishe kwenye kiungo cha T na uunganishe waya wake kabla ya kulileta gari.