Waifai inakatakata kwenye Linux? Ulizia kwa ruta kwanza

Wiki mbili nilikuwa nawalaumu bure watu wa intaneti. Nakaa Mabatini, Mwanza, kule juu kwenye mawe, ruta iko sebuleni mimi nafanyia kazi chumba cha nyuma, laptopu yangu ya mtumba yenye Ubuntu inaganda kila saa wakati mdogo wangu kakaa pembeni yangu anaangalia video kwenye simu, waifai ile ile, wala haikwami. Hapo ndo ningeshtuka mapema, ila nilishakariri kwamba mtandao ni mbovu.

Sasa iko hivi. Fungua terminal (lile dirisha la kuandikia amri), andika ip route, ile namba inayofuata baada ya via ndo ruta yako, kwangu ni 192.168.1.1. Ipige ping, yani andika ping na namba hiyo, uone inachukua muda gani kujibu. Ruta ikijibu vizuri halafu ping 8.8.8.8 (seva ya Google huko nje) ikagoma, tatizo liko huko nje, wapigie tu. Zote zikijibu ila tovuti hazifunguki, cheki DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Mimi ruta yenyewe, mita sita hapo, ilikuwa inajibu 2 ms (milisekunde), 3 ms, ghafla 410, mara 180, halafu kimyaaa. Yani hata nje ya nyumba hatujafika!

Nikasema basi ni ukuta. Nikaandika iw dev wlan0 link (wlan0 ni jina la kadi ya waifai, lako laweza kuwa lingine, iw dev peke yake inakutajia) ikaleta signal -58 dBm, yani nguvu ya mawimbi. Hizo ni namba za hasi kwahiyo ikiwa karibu na sifuri ndo nzuri, -58 ni safi kabisa, ingekuwa -80 huko ningehamisha ruta. Ukuta nikauachia.

Kumbe kadi inasinzia! Ili kubana betri inajizima kidogo kidogo, na kadi zingine kuamka kwake ni shughuli. iw dev wlan0 get power_save ikasema on, nikapiga sudo iw dev wlan0 set power_save off, na ping ikiwa bado inatembea nikaziona namba zinatulia: 3, 2, 2, 3.

Ila ukizima mashine inarudi kulekule. Fungua /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf kwa sudo, pale wifi.powersave = 3 weka 2, kisha sudo systemctl restart NetworkManager. Betri itapungua kidogo, mimi nimekubali.