Baada ya kutolewa titi, mofini si dawa ya kwanza

Mimi ni daktari wa usingizi hapa Dar es Salaam. Kina mama wanaokuja kutolewa titi na matezi ya kwapani huniuliza: "Daktari, nikizinduka nitaumia sana?"

Kuumia kupo, ila kazi ya kuyapunguza maumivu huanza kabla ya kisu. Mgonjwa akishalala, naweka ganzi nikiongozwa na ultrasaundi: kwanza kati ya misuli miwili ya kifuani, kisha chini zaidi, karibu na ubavu wa 3 au wa 4. Njia hii, aliyoieleza Dkt. Rafael Blanco mwaka 2011 na kuiongezea 2012, hunyamazisha neva za kifua kwa saa kadhaa za mwanzo, ambazo ndizo saa ngumu kuliko zote. Kipimo hufuata uzito wa mwili, maana bupivakeini, yaani dawa yenyewe ya ganzi, ikizidi huathiri moyo.

Baada ya hapo ni paracetamoli, gramu 1 kila saa 6 kwa mtu mzima wa uzito wa kawaida, pamoja na ibuprofeni au diklofenaki kama figo na tumbo ni salama. Dawa itolewe kwa saa zilizopangwa, bila kungoja mgonjwa aombe. Ukimwambia mama wa kwetu "ukiumia mwite sista," hatamwita. Amelelewa kuvumilia, atauma shuka mpaka asubuhi, na maumivu yakishapanda hivyo, kuyashusha ni shughuli.

Mofini, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, ikitumika peke yake ina gharama zake: kichefuchefu, ambacho wanawake wa upasuaji huu hukipata sana hata bila hiyo, choo kigumu, na usingizi mzito kiasi cha kupunguza kupumua. Tramadoli nayo, ambayo ndugu huinunua famasi wakidhani ni Panadol yenye nguvu, ni ya jamii hiyohiyo ya afyuni.

Sijasema mofini ifungiwe kabatini. Maumivu yakipenya licha ya yote hayo, natoa dozi ndogo bila kusita. Na mgonjwa ambaye saratani imemsambaa hadi kwenye mifupa, anayekunywa mofini ya maji ya Ocean Road, hospitali yetu ya saratani, asipunguziwe hata tone kwa sababu ya makala hii.

Miezi mitatu ikipita na upande wa ndani wa mkono bado unawaka moto au umekufa ganzi, rudi kliniki. Huenda neva inayopita kwapani iliguswa, na hapo hufaa zaidi amitriptilini, dawa inayotuliza maumivu ya neva, kidogo usiku na mazoezi ya bega.