Miti yenye vidole: ile michoro ya ngano za zamani ni kitu gani hasa

Umeshaiona hata kama hujui jina lake. Mti mkavu wenye sura ya bibi kizee aliyenuna, mizizi imejikunja kama vidole, chini yake kuna kabinti kamejikunyata na vibwengo vya saizi ya kidole gumba vinamchungulia, halafu picha nzima ina ile rangi ya karatasi iliyomwagikiwa chai ya rangi. Watu wanaitupia Instagram na Pinterest wanaandika vinteji, basi, imeisha. Sasa hiyo vinteji ni ya lini?

Tukiongelea michoro ya ngano ya zamani kwa maana yake kamili tunaongelea vitabu vya Ulaya, hasa Uingereza, vya kuanzia kama 1900 hivi hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja kuivuruga biashara. Vilikuwa vitabu vya zawadi ya Krismasi, vikubwa, jalada limenakshiwa dhahabu, bei yake sio ya mtoto wa mtu wa kawaida. Mfalme wa hiyo kazi ni Arthur Rackham wa London, jamaa ambaye mwanzo alikuwa karani wa kampuni ya bima ya moto, akawa anachora pembeni. Mwaka 1900 akachorea hadithi za ndugu Grimm, wale Wajerumani waliokusanya ngano, 1906 akatoa Peter Pan, hadithi ya mtoto asiyekua, yenye picha 50 za rangi. Mwaka uliofuata Edmund Dulac, Mfaransa wa Toulouse, akatoka na Alfu Lela Ulela yake, zile zile hadithi tunazozijua sisi, ila amezijaza bluu ya usiku mpaka unahisi baridi.

Sasa ile rangi ya chai. Wengi wanadhani ni uzee wa karatasi, na kweli uzee unachangia, lakini Rackham alikuwa anapaka hivyo makusudi. Anachora mistari kwa wino kwanza, halafu anapitisha rangi ya maji nyepesi, tabaka juu ya tabaka, kahawia na kijivu nyingi, nyekundu kidogo sana. Na hapo teknolojia ilimbeba. Zamani kidogo mchoro ulikuwa unapelekwa kwa fundi anauchonga upya kwenye ubao ndo uchapwe, kwa hiyo unachokiona kitabuni ni mkono wa fundi kama ulivyo wa mchoraji. Ilipokuja njia ya kupiga picha mchoro na kuuchapa kwa rangi tatu, njano, nyekundu na bluu, zile rangi laini zikawezekana kutoka kama zilivyo, ila zilitaka karatasi laini inayong'aa, na maandishi yalikuwa kwenye karatasi nyingine nene. Suluhisho lao? Picha inachapwa peke yake, halafu inabandikwa kitabuni, na mara nyingi inafunikwa na kikaratasi chembamba. Yaani unasoma hadithi, unafika mahali, unafunua kile kikaratasi polepole. Mi naona nusu ya raha ilikuwa hapo kwenye kufunua.

Nusu nyingine ni vituko. Sijapata neno zuri zaidi ya hilo, kituko, sio kichekesho. Panya aliyevaa koti akakaa kwa heshima zake anakuchekesha, lakini ukimwangalia tena unaona kucha zake ni kucha za panya kweli. Ndo siri yenyewe, mchoraji amekichukua kitu kisichowezekana akakichora kwa umakini wote, manyoya, magome, mikunjo ya nguo, hakukodolei macho kukuambia huu ni utani. Na uoga haujafutwa. Katuni nyingi za watoto za siku hizi zimeoshwa mpaka zimewekwa macho makubwa ya kupendeza, hizi za zamani zimekuachia giza lako.

Mfano mzuri ni John Bauer wa Sweden. Mazimwi yake ni makubwa, yana pua kama viazi, lakini yana upole fulani hivi, ukiyaona unakumbuka zimwi likujualo. Picha yake ya 1913 ya binti mfalme aliyeinama kwenye maji meusi ya msituni, akiutafuta moyo wake wa dhahabu, kidani chake, uliozama humo, ni kimya tupu, miti mirefu, maji, na kale kamwanga kadogo ka mwili wake. Miaka mitano baadaye Bauer mwenyewe alizama ziwa Vättern na mkewe na mtoto wao mdogo, walipanda meli kwa sababu treni zilikuwa zinawatisha baada ya ajali kubwa ya wiki chache nyuma. Siwezi kuiangalia ile picha bila kuwaza hilo.

Kuhusu kuzitumia: Rackham alifariki 1939 na haki miliki Uingereza inaisha miaka 70 baada ya kifo, ndo maana unamkuta kwenye makava ya simu, kadi na vikombe bila mtu kuulizwa. Ila siku hizi kuna picha kibao zimetengenezwa na kompyuta zikaitwa za zamani, kwa hiyo tafuta saini pembeni, yeye mara nyingi aliweka na mwaka. Na ukibahatika kukuta kitabu chenyewe cha Peter Pan cha 1906 kinauzwa, kabla hujatoa hela hesabu picha moja moja mpaka zifike 50, maana zimeshikwa na gundi tu na watu wamezichomoa kwenda kuziweka fremu miaka nenda rudi.